Tunatuma pesa za kuta, nani anatuma pesa za ardhi?

KILA Mtanzania anayeishi nje ana picha za ujenzi kwenye simu yake. Ukikutana naye msibani, kwenye sherehe, au kwenye basi akitoka zamu ya usiku, hazipiti dakika tano kabla hajakuonesha: hiyo ni kozi ya nne, hapa tumefunga lenta, hapa tunapaua. Tunazitazama, tunampa hongera, nasi tunatoa za kwetu. Lakini tangu enzi za kutumiana picha kwa barua pepe hadi leo kwenye WhatsApp, hatukumbuki hata siku moja kuoneshwa picha ya ardhi tupu, iliyosawazishwa na kushindiliwa, mwenyewe akisema kwa fahari kwamba hapo ndipo pesa yake ya kubeba maboksi ilipoanza kufanya kazi.

Tunaandika haya si kama wahandisi, maana hatuna cheti hicho. Tunaandika kama watu tuliokwisha kuzika pesa, na pamoja na pesa tukakaribia kumzika ndugu yetu akiwa hai.

Sisi ni ndugu wanne tulioko huku Uingereza, na mdogo wetu wa mwisho yuko Dar es Salaam na Mama. Mwaka 2019 tuliamua kumjengea Mama gereji ndogo pembeni ya nyumba yake huko Goba, mita 3 kwa mita 6, aipangishe kwa mtu mwenye gari. Jambo dogo kabisa. Si ghorofa, si hoteli. Tulisema miezi miwili itakuwa imekwisha, maana Desemba wawili wetu walikuwa na tiketi za kwenda nyumbani na tulitaka kumkabidhi Mama funguo mkononi.

Anayeifahamu Goba anajua ile ardhi ya vilima. Upande wa juu wa eneo la gereji ulikuwa sawa na barabara, na upande wa chini ulikuwa umeshuka mita 1.2. Kwa hiyo, baada ya kuinua kuta za msingi, ndani ilibidi kujaza kifusi: upande mmoja karibu na sifuri, upande wa pili mita 1.2, wastani wa sentimita 60. Sisi tukakaa mezani huku tukapiga hesabu yetu ya darasa la saba. Tatu mara sita mara 0.6 ni mita za ujazo 10.8. Kenta ya kule inabeba kama mita za ujazo 3.5. Basi safari tatu, na kidogo kitakachopungua kitachukuliwa palepale uwanjani.

Mdogo wetu akatuma ujumbe: "Kaka, dada, fundi anasema zije safari nne. Kifusi kikishindiliwa kinapungua."

Hapo ndipo ujinga wetu ulipojitokeza. Tulikwisha kusikia hadithi nyingi za ndugu wa nyumbani wanaokula pesa za watu wa nje, na katika masikio yetu safari ya nne haikuwa kifusi, ilikuwa ulaji. Mmoja wetu akamjibu kwamba hesabu ni hesabu, iwe London iwe Goba. Tukatuma pesa ya safari tatu. Fundi naye, alipoona kifusi ni hicho hicho na siku zimebana, akafanya alichoweza: akakisambaza bila kukishindilia, akamwagia maji ya mpira usiku mmoja, akaongeza udongo wa juu wa uwanjani wenye majani na vipande vya mbao, na kesho yake akamwaga jamvi. Desemba tulipofika palikuwa pamepakwa rangi nzuri sana. Tukapiga picha.

Masika mawili baadaye sakafu ikapasuka katikati, ukuta hadi ukuta, na upande wa chini ukatitia. Mlango wa chuma ukawa haufungi. Mpangaji akaondoa gari lake. Nasi, badala ya kuuliza kilichotokea chini ya sakafu, tukauliza pesa zilikwenda wapi. Maneno tuliyomwandikia mdogo wetu wakati ule hatuwezi kuyarudia hapa. Karibu mwaka mzima hakuongea nasi, na Mama akawa mpatanishi kati ya watoto wake kwa sababu ya banda la gari.

Hatimaye tulimlipa mhandisi afike, aifungue sakafu. Chini ya jamvi, upande ule wa mteremko, mkono uliingia bila kugusa kitu. Zege lilikuwa limebaki hewani kama daraja mpaka lilipochoka. Mhandisi hakuhitaji hata dakika kumi. Alisema kifusi kilichomwagwa kutoka kwenye gari huwa kimejaa hewa, na kikishindiliwa sawasawa ujazo wake unaweza kupungua kwa moja ya tano au zaidi. Kupata mita za ujazo 10.8 zilizoshikamana kulihitaji kama 13.5 zilizo legelege, yaani zile safari nne alizoomba fundi na sisi tukamnyima. Na pale penye kina cha mita 1.2, moja ya tano ni sentimita 24. Hata kama kifusi kimeshuka robo tu ya hapo, ni sentimita 6, na sakafu ya zege lisilo na nondo haivumilii sentimita 6 za hewa.

Kwa hiyo hapakuwa na mwizi. Palikuwa na watu wanne wenye kikokotoo na haraka ya Desemba.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiangalia chini zaidi kuliko juu, na jambo la kwanza tuliloliona lilikuwa hapa hapa tunapoishi. Jirani yetu, mzee wa Kiingereza aliyestaafu, alitaka kuweka banda la bustani la mbao, mita 2.4 kwa 3, la kuwekea mashine yake ya kukatia majani na baiskeli. Kwa ukubwa ule, banda lisilo la kulala watu, kanuni za ujenzi za England hazimdai kitu. Hakuna mkaguzi ambaye angekuja kumgongea mlango. Hata hivyo siku ya kwanza nzima hakugusa ubao. Alipiga mambo na uzi, akapima pembe, akatoa majani na udongo wa juu wenye mizizi hadi kina cha kama sentimita 20. Siku ya pili akaleta kokoto mchanganyiko, zile zenye mawe ya hadi milimita 40 pamoja na vumbi lake, kwa sababu vumbi ndilo linaloziba nafasi kati ya mawe. Akakodi kwa siku moja ile mashine ya sahani la chuma linalotetemeka. Akamwaga tabaka, akashindilia, akamwaga tabaka la pili, akashindilia tena, kila mara akiweka ubao mrefu na pimamaji juu yake. Banda lenyewe lilisimama kwa nusu siku.

Tulimwuliza kama hiyo si kazi kubwa mno kwa kibanda cha baiskeli. Akatujibu kwamba mlango wa banda lake la zamani ulikuwa haufungi.

Watu wa huku nao hawakuzaliwa na akili hiyo. Sehemu kubwa ya London na kusini mashariki mwa Uingereza imekaa juu ya udongo wa mfinyanzi unaonywea ukikauka na kuvimba ukilowa. Ukame mkubwa wa mwaka 1976 ulizipasua nyumba nyingi sana, kampuni za bima zikalipa fedha nyingi, na baada ya hapo kina cha misingi kwenye udongo wa aina hiyo kikaongezwa hadi karibu mita moja. Walijifunza kwa kulipa, kama sisi.

Sasa tuzungumzie udongo wenyewe kidogo, maana hapa ndipo mafundi wetu wengi, na sisi mabosi wao wa simu, tunapokosea. Kushindilia si kupiga tu. Mwaka 1933 mhandisi wa Kimarekani, Ralph Proctor, aliyekuwa akishughulikia mabwawa ya maji ya jiji la Los Angeles, alionesha kwamba kwa nguvu ileile ya kupiga, kila udongo una kiwango chake cha maji kinachoufanya ushikamane kuliko viwango vingine vyote. Ukiwa mkavu mno, chembe zinagomeana na hazisogei. Ukiwa na maji mengi mno, maji yanajaa zile nafasi ndogo na hayakubali kubanwa, kwa hiyo unapiga uji. Maabara za barabara duniani kote hutumia kipimo chake mpaka leo, na mkandarasi wa barabara huambiwa afikie asilimia 95 au zaidi ya uzito ule wa juu kabisa uliopatikana maabara.

Kwa gereji ya Mama huhitaji maabara. Chukua udongo kiganjani, ukamue kwa nguvu, fungua mkono. Ukisambaratika kama unga, nyunyizia maji. Ukiacha kiganja kimelowa au ukinata vidoleni, subiri ukauke. Ukibaki donge, nawe ukilivunja likakatika vipande viwili vitatu safi, anza kazi. Mtoto wa shule anaweza kukifanya kipimo hiki na kukupigia video.

Halafu tabaka. Hapa hatuoni sababu ya mjadala. Ukimwaga mita nzima ya kifusi na kupiga juu, unashindilia sentimita chache za juu na kuficha zilizo chini. Kwa gogo au chuma cha mkono, tabaka lisizidi sentimita 10 hadi 15. Kwa mashine ndogo ya sahani, kama 15. Fundi achore alama kwa chaki au rangi kwenye kuta za ndani za msingi kila sentimita 15, kifusi kijazwe alama kwa alama. Mashine isipopatikana, fundi wa kuchomelea anaweza kuunganisha kipande cha chuma kizito cha mraba na bomba, ukapata kishindilio cha mkono kitakachofanya kazi miaka yote. Ukitaka kujua kama umedanganywa, mwambie aliyeko pale achukue nondo ya milimita 12 aisukume kwa mikono miwili ndani ya kifusi. Ikizama kirahisi kama kwenye kiazi kilichoiva, zege lisimwagwe.

Tunajua wapo watakaosema: mbona watu wanamwaga maji mpira mzima, kifusi kinakaa chenyewe? Kwa mchanga safi wa pwani njia hiyo husaidia kwa kiasi, maana maji hupita na kuzivuta chembe chini. Kwa kifusi chenye udongo mwekundu au mfinyanzi, unatengeneza tope litakalokauka taratibu chini ya sakafu yako na kukuachia nafasi. Tuliyoifungua Goba ilikuwa hivyo hivyo.

Na tuwe wakweli, kushindilia si dawa ya kila mahali. Kuna udongo ule mweusi wa mbuga, wa Shinyanga na Mwanza, na wa nyanda za Athi upande wa Kenya, unaopasuka kiangazi hadi mkono ukaingia na masika unang'ang'ania viatu. Mkoa wa Pwani nao una udongo unaovimba. Nyumba za Kibaha zimepasuka hadi zikaandikiwa tasnifu ya udaktari katika chuo kikuu cha KTH, Stockholm, mwaka 2008. Udongo wa namna hiyo ukiushindilia ukiwa mkavu sana unauongezea nguvu ya kuvimba siku ukipata maji. Pale dawa ni nyingine: kuutoa na kuweka kifusi kizuri badala yake, au kushuka nao hadi kwenye ardhi tulivu, na zaidi ya yote kuyazuia maji yasiende na kurudi chini ya nyumba. Mabomba ya maji ya mvua, zege la kuzunguka jengo lenye mteremko wa kutoka nje, chemba isiyovuja, miti mikubwa isiyo karibu. Makunduchi hutayaona haya, jiwe la matumbawe liko karibu na uso wa ardhi na kazi yako kubwa itakuwa kulisawazisha. Ndiyo maana tunasema mtu asinunue tofali hata moja kabla hajachimba shimo na kuangalia amekaa juu ya nini.

Kuna hoja nyingine tunayoisikia sana, kwamba babu zetu walijenga bila mambo haya ya kizungu. Si kweli. Nyumba ya udongo na miti ilikuwa nyepesi na ilivumilia kucheza, na hata hivyo sakafu yake ilipondwa na kukandikwa tena na tena. Katika miji ya pwani yetu, sakafu na dari za chokaa zilipigwa kwa vijiti siku kadhaa mfululizo, kikosi cha watu wakienda pamoja kwa nyimbo ili mapigo yasipishane. Wenzetu wale walijua kwamba kitu kisichopigwa hakishiki. Sisi ndio tuliopata saruji, tukadhani saruji itatusamehe.

Saruji haisamehi. Sakafu ya sentimita 10 inabeba gari kwa sababu ardhi iliyo chini yake inaibeba sakafu. Ukiondoa ardhi, umebaki na sahani.

Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu majengo madogo hayana msemaji. Jengo la ghorofa 16 lilipoanguka mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, Machi 29, 2013, taifa zima lilisimama. Lilipoanguka lile la Kariakoo Novemba 16, 2024, ikaundwa kamati ya kuchunguza. Yale yalikuwa na sababu zake na misiba yake, hatuyafananishi na gereji. Lakini fremu ya duka inayotitia Kimara, banda la kuku lililopinda Mbezi, stoo ya mama mjane iliyopasuka, hayo hayana kamati. Yana mtu mmoja huko nyumbani anayeitwa mwizi na ndugu zake, na mmoja huku anayeongeza zamu ya Jumapili ili aanze upya.

Kwa hiyo tunapendekeza nini? Kwanza tubadili tunachokiomba. Ndugu wa nyumbani anatupatia tunachokishangilia. Tukishangilia kuta, ataharakisha kuta. Sisi sasa tumekubaliana kwamba pesa ya matofali haitoki mpaka tuone shimo likiwa safi, bila mizizi wala vipande vya mbao, ambavyo mbali na kuoza hualika mchwa. Kisha tuone mraba. Kwa eneo la mita 3 kwa 6, pima kona hadi kona mara mbili. Kamba zote mbili zikitoa mita 6.71 hapo pako sawa, zikitofautiana, mambo yahamishwe. Kisha usawa, kwa mpira mwembamba unaoonesha maji ndani, kifaa cha bei ya soda ambacho hakijawahi kudanganya. Kisha kila tabaka na alama yake, futi ya kupimia ikionekana kwenye picha. Na uso wa sakafu uwe juu ya ardhi ya nje angalau sentimita 15, ili mvua ya masika isiingie kama mgeni aliyealikwa.

Pili, tulipe jicho. Mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi akifika mara moja, kabla ya jamvi, gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kuvunja na kumwaga upya. Sisi tulimwita baada ya jamvi, na tulimlipa yeye, wavunjaji, na zege la pili.

Tatu, na hili ni gumu kuliko yote, tujifunze kumsikiliza fundi anapoomba safari ya nne. Wapo wanaoiba, hatukatai, na wengine tunawafahamu kwa majina. Lakini fundi anayesema kifusi kitapungua hajasema uongo, na aliyeko huku bila ya kuona udongo hana haki ya kumkatalia kwa kikokotoo. Mwambie akutumie video ya kushindilia. Mwizi hatakuwa na video hiyo.

Mdogo wetu tulimwomba radhi, kwa simu kwanza, kisha mmoja wetu alikwenda mwenyewe. Alitusamehe, ingawa mpaka leo akitaka kutuchokoza anauliza kama hesabu za London zimekubali. Mwaka huu Mama anataka stoo ndogo nyuma ya jiko, mita 2 kwa 3. Wiki iliyopita picha ya kwanza imefika: shimo tupu, uzi mweupe, mambo manne na beleshi limelazwa pembeni. Tumeitazama muda mrefu. Kona moja kuna kisiki cha mkorosho kimebaki. Tumemwandikia akitoe chote na mizizi yake, naye amejibu: "Sawa, lakini pesa ya kukichimba sijaipata bado."

Imetumwa jana.